Duka Likishakubali Hati, Hati Ipokelewe

Miongoni mwa malalamiko yanayoifikia safu hii kutoka mjini na mashamba, Unguja na Pemba, liko moja ambalo halikosi kujitokeza kila zinapokaribia sikukuu. Nalo ni la mwananchi aliyepewa hati akachukue bidhaa katika duka fulani, duka ambalo lilikwisha kukubali kwamba litazipokea hati hizo, naye akafika na mkoba wake na pengine na mchukuzi wa mkokoteni, akaambiwa kwa maneno makavu: "Hizo hatupokei tena." Hapewi sababu wala siku ya kurejea. Hupewa mgongo tu, na aliye nyuma yake mwenye fedha taslimu husogezwa mbele.

Kwa neno hati tunakusudia karatasi yoyote, iwe inaitwa vocha, kuponi, kadi au barua, ambayo mwajiri, chama cha ushirika, taasisi ya misaada au ofisi ya Serikali humpa mtu ili akachukue vitu katika duka lililotajwa, nalo duka likalipwa baadaye na yule aliyeitoa. Siku hizi nyingine hazina hata karatasi, ni namba tu katika simu. Umbo limebadilika, lakini ahadi iliyomo ndani ni ile ile.

Natuchukue mfano wa jambo linalotokea mara nyingi, bila ya kumtaja mtu. Wafanyakazi wa mahali fulani wanakubaliana na mwajiri wao kwamba kabla ya Idi kila mmoja apewe hati ya polo la mchele, unga wa ngano, sukari na mafuta ya kupikia, na thamani yake ikatwe katika mishahara kwa miezi miwili au mitatu. Mwenye duka anaitwa, anakubali, anapeana mkono na karani, na pengine anabandika tangazo mlangoni mwake. Mishahara inaanza kukatwa. Zikibaki siku nne kufika sikukuu, watu wanakwenda dukani. Wa mwanzo wanapata. Wa katikati wanaambiwa kwamba mchele umo lakini kwa mwenye hati bei yake ni nyengine. Wa mwisho wanaambiwa kwamba hati hazipokelewi kwa kuwa mwajiri hajalipa zile za mwaka jana.

Mtu huyu wa mwisho ndiye anayetushughulisha. Yeye amekwisha kulipa. Fedha zake zilitoka katika mshahara wake kabla hazijaingia mfukoni, na sasa hana fedha wala mchele. Akitaka watoto wake wale sikukuu kama watoto wa wenziwe, itambidi akope na anunue mara ya pili kitu kile kile alichokwisha kukinunua. Wale wanaosema kwamba hili ni jambo dogo la baina ya muuzaji na mnunuzi hatudhani kama wamewahi kusimama katika foleni hiyo.

Ni lazima kwanza tuitendee haki upande wa duka, kwani katika mambo haya wengi hupiga kelele bila ya kupambanua. Mfanyabiashara halazimiki kupokea hati ya mtu yeyote. Kinacholazimika kupokewa katika nchi hii kama malipo ya deni ni noti na sarafu zinazotolewa na Benki Kuu ya Tanzania. Karatasi ya mwajiri, hata ikiwa na mihuri mitatu (nasi mhuri tunaupenda mno), si fedha. Mwenye duka ambaye hajapata kukubaliana na mtu ana haki kamili ya kusema hapana, na mteja aliyefika kwake kwa kudhania tu hana la kulalamikia.

Hali hubadilika pale anaposema ndiyo. Hapo hatuzungumzii tena hiari, tunazungumzia mapatano. Sheria ya mikataba ya Zanzibar iliandikwa kwa kufuata ile ya Bara Hindi ya mwaka 1872, na msingi wake haukufichikana: mmoja akitoa rai, mwenzake akaikubali, na kukawa na kitu kinachotolewa kwa kitu, basi wote wawili wamefungika. Sheria hiyo ya 1872 inaeleza pia jambo ambalo watu wengi hawalijui, kwamba kile kinachotolewa ili kuifunga ahadi si lazima kitoke kwa mtu aliyeahidiwa, kinaweza kutolewa na mtu mwengine. Na kuubadilisha mkataba, au kuweka mwengine mahali pake, ni kwa makubaliano ya wahusika, si kwa uamuzi wa mmoja wao asubuhi moja anapofungua duka.

Kwa hiyo duka linaweza kusitisha mpango wa hati. Linaweza kumwandikia mwajiri kwamba kuanzia tarehe fulani halitapokea hati mpya, na hilo ni haki yake ikiwa mapatano hayakusema vyenginevyo. Lakini kuzisitisha hati mpya ni mbali, na kuzikataa zile ambazo zimekwisha kutolewa, zimo mikononi mwa watu, na fedha zake zimekwisha kukatwa, ni mbali. La pili hili ni kuivunja ahadi baada ya mwenzio kuitegemea.

Mwanasheria atatuuliza: mapatano yalikuwa baina ya duka na mwajiri, huyu mwenye hati anaingia wapi? Swali hilo lina uzito, na wala hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba kila mwenye hati anaweza kulifikisha duka mahakamani na kushinda. Ikiwa duka halikusema lolote kwa mfanyakazi, na makubaliano yote yalikuwa ya chini kwa chini baina ya karani na mwenye duka, basi madai ya mfanyakazi yanamwelekea kwanza mwajiri wake, aliyemkata mshahara na asimfikishie kitu. Mwajiri hawezi kujitoa kwa kusema, "Kamwulize mwenye duka." Lakini duka likiwa limebandika tangazo, au jina lake limechapwa juu ya hati kwa ridhaa yake, au mwuzaji amemwambia mteja aje siku fulani, hapo limesema na umma, na linawajibika kwa kauli yake. Katika hali zote mbili mwenye hati ana mtu wa kumdai. Anachofanyiwa ni kurushwa baina ya wawili kama mpira mpaka achoke.

Na hapa ndipo zinapoingia sheria za kumlinda mtumiaji. Zanzibar ilikuwa na sheria ya biashara halali na kumlinda mtumiaji tangu mwaka 1995, na mahali pake pakachukuliwa na sheria namba 5 ya mwaka 2018, ambayo chini yake ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Wenzetu wa Bara wanayo sheria yao ya mwaka 2003, yenye sehemu nzima inayokataza mwenendo wa kumpotosha mnunuzi. Umoja wa Mataifa nao ulipitisha miongozo yake ya kumlinda mtumiaji mwezi wa Aprili 1985. Fikra inayopita katika yote hayo ni kwamba mnunuzi na muuzaji hawasimami sawa. Muuzaji ana mali, ana daftari, ana mwanasheria akimtaka. Mnunuzi ana njaa na ana haraka. Kumwita mtu dukani kwa ahadi ya kupokea hati yake, kisha kumtaka alipe taslimu au apokee bei nyengine, ni kumpotosha, hata kama hakuna neno la uongo lililotamkwa siku ile.

Liko na jambo la pili ambalo ni la kinyume chake, nalo si haba. Duka linaipokea hati, linatoa bidhaa, mteja anakwenda zake. Baada ya miezi mwajiri hajalipa, au amefunga biashara, na mwenye duka anamfuata mteja nyumbani kudai fedha. Jambo la namna hii lilifika katika Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1988. Kampuni moja ilikuwa ikitoa kadi za kununulia mafuta ya gari katika vituo vilivyokubali kadi hizo, nayo ikafilisika kabla ya kuvilipa vituo. Swali likawa: madereva walipe tena? Mahakama ikasema hapana. Mwenye kituo alipoikubali kadi alikubali kwamba mlipaji wake ni kampuni, na dereva alikwisha kutoka katika deni. Ikapambanua baina ya kadi na cheki, maana cheki ikirudi benki bila ya fedha, deni nalo hurudi kwa aliyeiandika. Hukumu ya Uingereza haiwafungi mahakimu wetu, lakini mantiki yake inafahamika na kila mtu aliyewahi kufanya biashara pwani hii, ambako hawala na hundi zilijulikana kabla ya benki ya kwanza kufungua mlango wake. Anayekubali kulipwa na mwengine amekubali pia hatari ya huyo mwengine.

Sasa tuseme na waajiri. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unakataza mshahara kulipwa kwa vocha au kuponi badala ya fedha halali. Katazo hilo lilikuwa na historia ndefu nyuma yake. Katika Uingereza ya karne ya 19 wenye viwanda na machimbo waliwalipa wafanyakazi kwa karatasi zilizokubalika katika maduka yao wenyewe tu, kwa bei waliyoipanga wao wenyewe, mpaka ikabidi itungwe sheria mwaka 1831 ya kuwalazimisha kulipa kwa sarafu. Kwa hivyo hati ya sikukuu inafaa iwe ni nyongeza, au iwe ni mkopo ambao mfanyakazi ameuomba kwa hiari na kuutia saini. Haiwezi kuwa ndiyo mshahara. Na mwajiri anayekata fedha za hati mwezi huu akaziweka katika matumizi mengine, huku duka likingoja, amezichukua fedha ambazo si zake. Hatuna jina la upole zaidi la kuliita tendo hilo.

Tukifika hapo tunafika kwa wasomaji wetu walioko maofisini, na tunawaomba watuvumilie. Mwenye duka anapozikataa hati, mara nyingi hana roho mbaya. Amechoka. Kwa muda mrefu maduka yetu yamezoea kutoa bidhaa kwa ofisi za umma kwa hati ya manunuzi: karatasi za kuandikia, chai na sukari ya mkutano, vipuri vya gari, chakula cha wageni. Utaratibu wake unajulikana. Hati inatoka na namba, saini na mhuri, mwenye duka anatoa vitu, anaandika ankara, anaipeleka kwa mhasibu. Kuanzia hapo huanza safari ya njoo kesho. Kesho faili liko juu. Kesho kutwa mwenye kutia saini amesafiri. Wiki ya pili kifungu hakina fedha. Mwaka wa fedha ukimalizika, ankara yake huitwa deni la nyuma, na deni la nyuma lina foleni yake peke yake.

Mwenye duka kubwa la jumla anaweza kustahimili hayo, na wengine hujilipa mapema kwa kuipandisha bei ya kila kitu kinachochukuliwa kwa hati, jambo ambalo Serikali huishia kulilipia. Mwenye duka dogo la mtaani, ambaye mtaji wake wote ni zile bidhaa zilizoko katika rafu, hawezi. Hati tatu zisizolipwa zinatosha kulifunga duka lake. Kwa hiyo siku anapoiona karatasi nyengine yenye mhuri, hata ikiwa imetoka kwa chama cha ushirika kisichohusiana kamwe na ofisi iliyomdhulumu, mkono wake unakataa wenyewe. Anayelipa gharama ya karatasi iliyolala mezani mwa mhasibu ni mfanyakazi aliyesimama dukani na mkoba mtupu. Tunamwonea mwenye duka huruma. Haki ya kumwadhibu mteja asiyehusika hatumpi.

Wakulima wa Bara waliyaona haya kwa kiwango kikubwa. Kuanzia msimu wa 2008/09 Serikali ya Muungano iliendesha mpango wa vocha za pembejeo, ambao vocha yake ilifidia kiasi cha nusu ya bei ya mbolea na mbegu kwa shamba lisilozidi eka moja la mahindi au mpunga, na mkulima akalipa nusu iliyobaki. Kamati za vocha zilichaguliwa vijijini, mawakala wa pembejeo walikubali kuzipokea, kisha wao wakazipeleka benki kulipwa. Wakulima wengi waliweza kutia mbolea mashamba ambayo hayakuwahi kuiona. Lakini malipo kwa mawakala yalipochelewa, mawakala nao walipunguza kasi, na mahindi hayamngoji mhasibu. Mbolea iliyofika baada ya mvua haikumsaidia mtu. Wengine waliokosa ile nusu ya kuongeza waliwauzia mawakala vocha zao kwa fedha kidogo, wakatia saini kana kwamba wamechukua mbolea, na vitabu vikaonesha neema ambayo haikufika shambani. Tangu msimu wa 2022/23 ruzuku ya mbolea imepitia katika usajili wa wakulima, kwa namba badala ya karatasi. Namba ni ngumu zaidi kuiuza kuliko karatasi, lakini wakala asiyelipwa kwa wakati atachoka kwa namba kama alivyochoka kwa karatasi.

Wala ugonjwa huu si wa karne yetu. Waliosoma vyuoni wanaijua aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kupita zote katika Kurani, ambayo kwa urefu wake wote inahusu kuandikiana madeni, mwandishi mwadilifu na mashahidi. Na Imam Malik, aliyefariki mwaka 795, amehifadhi katika kitabu chake habari ya hati zilizotolewa Madina enzi ya Marwan bin Hakam, ambazo watu walikuwa wachukulie chakula kilichoko Al-Jar, bandari ya Madina. Watu wakaanza kuuziana hati hizo kabla chakula chenyewe hakijapokewa. Zaid bin Thabit na sahaba mwengine wakamkabili Marwan, wakamlaumu kwa kuliachia jambo hilo, naye akapeleka walinzi wakazichukue hati mikononi mwa watu na kuzirejesha kwa wenyewe. Tunaitaja habari hii kwa sababu moja: mwenye mamlaka hakusema kwamba hayo ni mambo ya sokoni yasiyomhusu. Hati zilitoka kwake, na alipoambiwa, alizifuata mpaka sokoni.

Mwananchi aliyekataliwa hati yake afanye nini? Kwanza asiitoe hati mkononi, wala asikubali kuiacha dukani "mpaka tutakapoitazama". Bila ya hati hana ushahidi. Aulize sababu mbele ya mtu mwengine, na ikiwezekana aombe iandikwe nyuma ya hati au katika kipande cha karatasi, pamoja na tarehe na jina la aliyekataa. Akikataliwa hilo pia, aandike mwenyewe siku ile ile, na shahidi wake atie jina. Tangazo likiwa mlangoni alipige picha kwa simu kabla halijabanduliwa, maana matangazo ya namna hiyo yana tabia ya kutoweka. Asipokee bidhaa pungufu kisha akatia saini ya kupokea zote. Ikiwa dharura imemlazimisha kununua kwa fedha taslimu, adai stakabadhi na aiweke pamoja na hati, ili aweze kuonesha kwamba alilipa mara mbili.

Kisha aende kwa aliyempa hati, na asiende peke yake. Watu kumi waliokatwa mshahara wakiandika barua moja hujibiwa upesi kuliko barua kumi za mtu mmoja mmoja, na kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, kazi hiyo ni yake. Asiporidhika, Tume ipo, na sheha wake anaweza kumwelekeza, kwani si kila mzee wa Micheweni au Makunduchi anayejua mlango wa kuingilia. Mahakama ni hatua ya mwisho kwa mchele wa polo moja, ingawa kwa hati za kikundi kizima inaweza kuwa na maana.

Kwa upande wa wenye dhamana, tunapendekeza mambo ambayo hayahitaji sheria mpya. Mapatano yoyote ya hati baina ya mwajiri na duka yawe kwa maandishi, na yaseme bei itakavyopangwa, siku ya mwisho ya kupokea, na siku ambayo duka litalipwa. Nakala ibandikwe mahali pa kazi na dukani, ili mwenye hati aweze kuisoma kabla ya kutia saini ya kukatwa mshahara. Duka linalotaka kujitoa litoe taarifa ya siku zisizopungua 30, na hati zilizotolewa kabla ya siku hiyo zipokelewe zote. Fedha zinazokatwa kwa wafanyakazi kwa ajili ya hati ziwekwe mbali na fedha nyengine, zisionekane kamwe katika matumizi ya ofisi. Na Tume ingefanya vyema kuwatuma maofisa wake madukani katika wiki mbili za kabla ya Idi, wakati ambapo malalamiko bado yana dawa, kuliko kuyapokea baada ya sikukuu.

Juu ya hati za manunuzi za ofisi za umma, kila mhasibu anazo kabatini mwake ankara zilizolala. Zitolewe na zipangwe kwa tarehe. Zile za maduka madogo zilipwe kwanza, na kila mwenye duka apewe barua inayomwambia ankara yake imefika wapi na italipwa mwezi gani.